Neno la Kufungia Fungu

Jamhuri ya Mbeleko ni nchi yenye bahati kuliko nchi zote. Raia wake hawatembei, wanabebwa. Hivyo ndivyo katiba yao inavyosema katika ibara ya kwanza, na ndiyo maana mkuu wa nchi haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mbebaji Mkuu. Jina lake ni Mtukufu Magolanga. Alikuwa amewabeba Wanambeleko kwa miaka thelathini na mmoja bila kupumzika, na kila walipomwomba awatue kidogo wanyooshe miguu, alikataa kwa huruma, akaongeza walinzi.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani Lubuva, mtumishi wa Idara ya Mitambo. Kazi yake ilikuwa kuandika amri za kompyuta. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kosa la nukta moja katika kazi yake lilimkosesha hamu ya chakula. Mumewe, Hemedi, alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mrefu, mwenye pumu, na yeye pia alikuwa na ugonjwa huohuo wa kupenda jibu liwe sahihi. Ugonjwa huo huko Mbeleko hauna dawa hospitalini. Dawa yake iko gerezani.

Mwaka mmoja Mtukufu alichukizwa kusikia kwamba kompyuta za nchi yake zinapokea amri kwa lugha ya wageni. Akaagiza Mbeleko iwe na lugha yake ya kompyuta. Sikudhani na wenzake wawili wakafanya kazi miezi kumi na minne, wakaitoa, ikaitwa Kimbeleko.

Ilikuwa lugha safi. Amri zake zilipangwa kwa mafungu. Fungu likianza na neno KAMA, kompyuta ilijua kuna sharti la kutimizwa. Likianza na RUDIA, ilijua kazi hiyo ifanywe tena na tena mpaka itoshe. Na kila fungu lilifungwa kwa neno moja tu, MWISHO. Neno hilo ndilo lililoiambia kompyuta kwamba fungu hili limekwisha, toka humo, shika kazi inayofuata. Sikudhani aliwaeleza wakubwa kwa mfano wa jikoni, kwamba kila chungu na kifuniko chake, na ukisahau kifuniko kimoja kompyuta itabaki ndani ya chungu hicho ikidhani dunia nzima ni mchuzi. Wakubwa waliupenda sana mfano huo. Waliuliza mchuzi wenyewe ni wa nyama gani.

Basi Kimbeleko kikatiwa katika kila mtambo wa serikali: kengele za shule, taa za barabarani, orodha za hospitali, daftari za magereza. Kila kitu kikaenda. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwatia watu wasiwasi.

*

Siku ya uzinduzi Mtukufu alikabidhiwa kitabu cha mwongozo chenye jalada la ngozi. Mtukufu si msomaji, lakini wapiga picha walikuwa mbele yake, kwa hiyo akakifungua katikati.

"Mwisho," akasoma. Akafunua ukurasa wa pili. "Mwisho." Akafunua wa tatu, akayahesabu kwa kidole, yalikuwa kumi na moja. Akainua macho. "Mwisho wa nani?"

Feni za ukumbini zenyewe zilionekana kuzunguka kwa aibu. Waziri wa Maneno Mema, Mheshimiwa Shomvi, alipiga magoti kabla hajajua atasema nini, maana miaka mingi ya uwaziri ilikuwa imeyafundisha magoti yake kutangulia. Alisema ni mwisho wa maadui wa taifa.

"Kitabu kizima?"

"Ni wengi, Mtukufu."

Haikusaidia. Mtukufu alikifunga kile kitabu, akakishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika panya mfu, akaondoka bila kula. Kufikia alasiri neno lile lilikuwa limepigwa marufuku nchi nzima. Kituo cha mwisho cha mabasi kikawa kituo cha mbali. Mwisho wa mwezi ukawa utu uzima wa mwezi. Makaburi yaliyokuwa na maandishi ya aina hiyo yalipakwa chokaa, na marehemu wakatozwa faini ambazo warithi wao walizilipa.

Juma hilohilo ndilo alilokamatwa Hemedi. Mtoto wa Mkuu wa Wilaya alikuwa ameulizwa katika mtihani, saba mara nane ni ngapi, akajibu kwamba Serikali italitolea tamko. Hemedi alimpa sifuri. Hakimu alisema mshtakiwa amedharau Serikali ambayo huenda ingesema hamsini na sita kama ingepewa nafasi, akamhukumu siku tisini. Alipokuwa akipandishwa kwenye gari, Hemedi alimwambia mkewe asihangaike, siku tisini si nyingi, na kwamba amwekee ile dawa yake ya kuvuta mahali pakavu.

*

Ikaundwa Kamati ya Kutafuta Neno. Ilikuwa na wajumbe kumi na tisa: maprofesa wawili wa methali, mkuu wa zimamoto, shangazi wa Waziri, na wengine ambao hakuna aliyejua wametoka wapi ila walikuwa wa kwanza kila chai ilipoandaliwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika amri moja ya kompyuta. Sikudhani aliwekewa kiti karibu na mlango ili ajibu akiulizwa.

Neno TAMATI lilikataliwa kwa sababu ni lilelile lililopigwa marufuku, ila limevaa kanzu. KIKOMO likakataliwa kwa kuwa lilisikika likinong'onwa vijijini. BASI lilikaribia kupita, lakini shangazi wa Waziri akasema hilo ndilo neno watu waliochoka wanaloambiana, na raia wakilizoea hawatajua kuliacha. Profesa mmoja alipendekeza lisiwepo neno lolote, fungu lifungwe kwa kuacha nafasi wazi. Mkuu wa zimamoto alimkazia macho akamuuliza ni nani anayetarajiwa kuja kukaa kwenye hiyo nafasi wazi. Profesa yule hakuonekana tena katika vikao.

Walipomgeukia Sikudhani, aliwaambia ukweli. Kompyuta haijali. Kuna programu moja iitwayo mkalimani, ambayo kazi yake ni kuifasiria kompyuta maneno ya Kimbeleko; ukimwambia mkalimani kwamba kuanzia leo fungu litafungwa kwa neno NDIZI, litafungwa kwa NDIZI. Mheshimiwa Shomvi akataka iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mtumishi huyu ana uhusiano na wakulima wa ndizi.

Siku ya kumi na moja wakakubaliana: fungu litafungwa kwa kaulimbiu ya taifa, MBELE DAIMA. Walipiga makofi dakika ishirini wakiwa wamesimama, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa. Sikudhani alirudi ofisini, akabadilisha mstari mmoja ndani ya mkalimani, na chai yake ilikuwa bado moto alipomaliza.

Kengele zikalia na kunyamaza. Taa zikawaka nyekundu kisha kijani. Alidhani mambo yamekwisha.

*

Katika wale wenzake wawili mmoja aliitwa Luhwago. Alikuwa mtu mwenye akili kiasi na kijicho kingi, aliyekuwa akiitamani meza ya Sikudhani kwa sababu iko dirishani. Luhwago aliandika barua. Siku ya pili Sikudhani aliitwa kwa Waziri, akamkuta Luhwago amesimama nyuma ya kiti cha Mheshimiwa kama taulo lililotundikwa.

"Niambie maana ya Mbele Daima," Waziri alisema.

"Ni kwenda mbele siku zote, Mheshimiwa."

"Na kompyuta yako ikikutana na Mbele Daima inafanya nini?"

Sikudhani hakujua kusema uongo kuhusu kazi yake. "Inalifunga fungu, inatoka."

"Yaani umeichukua kaulimbiu ya taifa ukaipa maana ya lile neno."

"Mheshimiwa, fungu lisipofungwa hakuna kitakachotoka. Wagonjwa hawatatoka hospitali. Wafungwa hawatatoka."

"Nani amekwambia watoke?"

Alimtazama ili aone kama anatania. Hakuwa anatania. Ilikuwa sura ya mtu aliyekula vizuri, asiyekuwa na ndugu gerezani.

Jioni hiyo likatoka agizo kwamba katika Jamhuri ya Mbeleko kila neno litatekeleza maana yake. Luhwago akateuliwa Msimamizi wa Maana, akapewa ile meza ya dirishani na ufunguo wa mkalimani. Kwa mikono yake akabadilisha amri: kuanzia hapo, kompyuta ikikutana na MBELE DAIMA isifunge kitu, iendelee. Sikudhani alihamishiwa ghorofa ya chini, kitengo cha kufuta vumbi mitambo.

*

Kengele ya shule moja ya mjini ilianza kulia saa mbili asubuhi ya Jumatatu ikalia hadi Alhamisi, walimu walipoifunika kwa magunia ya mchanga. Taa nyekundu ya njia panda ya soko kuu ilibaki nyekundu. Siku ya tano wenye magari waliletewa vitanda na familia zao, na siku ya tisa Serikali ikaitambua foleni ile kuwa kata, ikaipa diwani. Wodini, mama mmoja ambaye mwanawe alishaanza kuota meno aliendelea kuhimizwa na wauguzi asukume, kwa sababu mtambo ulisema bado hajajifungua. Redio ya Taifa ilipiga wimbo wa taifa siku tatu mfululizo, na watumishi wa umma wakasimama wima siku tatu. Wawili walianguka. Walizikwa wakiwa wima.

Waziri Shomvi aliwaeleza waandishi wa habari kwamba nchi nyingi duniani zinatamani kuendelea, na ni Mbeleko peke yake iliyofika mahali ambapo haiwezi kuacha.

Siku ya tisini Sikudhani alikwenda gerezani na nguo safi za mumewe. Askari wa getini aliitwa Afande Ndomba, mtu wa makamo, mwenye adabu. Alitazama kwenye mtambo, akakuna shingo.

"Dada yangu, huyu inaonyesha bado anaendelea."

"Anaendelea na nini?"

"Na siku tisini."

"Leo ndiyo ya tisini, afande."

"Ndiyo. Na kesho itakuwa ya tisini na moja katika zile tisini. Mtambo hauoni tatizo."

Sikudhani alinyooshea kidole kitita cha funguo kilichoning'inia kiunoni mwa askari, akamuuliza hizo ni za nini. Ndomba aliziangalia kana kwamba zilikuwa za mtu mwingine. Akasema ana watoto watano.

"Ufunguo ninao, dada," akasema. "Ruhusa ndiyo sina."

Sikudhani akaandika barua. Idara ya Magereza ilimjibu kwamba kumwachia mfungwa ni kukiri kuwa kifungo hukoma, na kukoma hakumo katika sera. Mahakama ilimjibu kwamba siku tisini hazijavunjwa, zimeendelezwa. Ofisi ya Malalamiko haikumjibu, kwa kuwa fungu la kupokea malalamiko lilikuwa bado linapokea.

Kila Jumapili alikwenda kumwona Hemedi kupitia waya. Kifua cha Hemedi kilikuwa kikilia kama bawaba kavu. Dawa ilimfikia mara moja kwa wiki tatu, nusu ikiwa imevutwa na wengine wenye kuhitaji kama yeye. Hakulalamika, ila Jumapili moja alimsimulia habari za Mzee Ngonyani, jirani yake wa mkeka, aliyefungwa wiki mbili kwa kuku mmoja na alikuwa ndani mwezi wa nne. Mzee alifariki asubuhi ya Jumanne. Mwili ulichukuliwa, lakini mtambo haukuwa na namna ya kumtoa.

"Kila asubuhi wanaita jina lake," Hemedi alisema. "Hesabu isipotimia hatupewi uji. Lazima mmoja wetu aitike."

Sikudhani alipenyeza vidole kwenye waya.

"Leo niliitika mimi."

*

Sikudhani alitembea kwa miguu kutoka gerezani mpaka nyumbani, safari ya saa mbili na nusu. Njiani alikuwa na hasira ya aina ambayo hakuwahi kuijua, hasira baridi, iliyonyooka kama mstari wa amri. Alifikiri hivi. Kila neno lenye maana ya kufunga watalikataa. Kila neno lenye maana nyingine watalilazimisha litekeleze maana hiyo. Linatakiwa neno lisilo na maana yoyote, ambalo hakuna kiumbe ndani ya nchi hii atakayethubutu kulipinga, kulifuta wala kuliulizia linafanya nini. Alipofika mlangoni kwake alikuwa amelipata.

Siku tatu baadaye aliomba kumwona Waziri. Maishani mwake hakuwahi kumsifu mtu asiyestahili. Alijizoeza mbele ya kioo, na kila sentensi ilimpita kooni kama kipande cha sabuni. Alimwambia Mheshimiwa kwamba amejutia makosa yake. Akasema inasikitisha kuona kazi zote za serikali, kubwa na ndogo, zinafanywa na mitambo bila kutajwa hata mara moja jina la yule anayetubeba. Kwa nini kila fungu la amri lisivikwe taji? Chini ya kila fungu liandikwe neno moja tu: MAGOLANGA.

Waziri alifumba macho. Alikuwa akijiona akilipeleka wazo hilo ikulu, likiwa lake.

Luhwago, nyuma ya kiti, aligutuka. Hakuwa mjinga. "Mheshimiwa, neno linalokaa pale chini ndilo linalofunga fungu. Sasa jina la Mtukufu..."

"Jina la Mtukufu limefanya nini?"

"Litakuwa linafunga, Mheshimiwa."

"Kwani kuna jina jingine lenye nguvu ya kufunga na kufungua katika nchi hii? Lako?"

Luhwago akafungua mdomo, akautazama mwanya wa sentensi iliyokuwa ikimngoja, na akaona hakuna njia ya kuingia humo akatoka salama. Aliufumba. Waziri akamwagiza ampe Sikudhani ufunguo wa mkalimani saa hiyohiyo.

Ilimchukua muda mfupi kuliko ile mara ya kwanza. Fungu likifika kwenye MAGOLANGA, lifungwe, kompyuta itoke.

Asubuhi ya siku ya mia na arobaini na moja, mtambo wa gereza ulichapa majina mia mbili na kumi na mawili kwa mkupuo mmoja. Afande Ndomba aliyasoma getini kwa sauti, na alipofika kwenye jina la Mzee Ngonyani alilisoma pia, akangoja kidogo, kisha akaendelea. Hemedi alitoka wa hamsini na kitu. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Sikudhani alimshika mkono, akamvutisha dawa, wakakaa juu ya jiwe nje ya ukuta mpaka pumzi yake ilipotulia. Hemedi alimuuliza ni nani aliyewatoa. Akamjibu kwamba ni Magolanga, na mumewe akamtazama kana kwamba na yeye amepotea.

Waziri alituma cheti cha shukrani. Sikudhani alikiwashia jiko la mkaa.

*

Walioanza ni mafundi wa Idara. Mmoja akimuuliza mwenzake kama kazi imekamilika, mwenzake alijibu imemagolanga. Kisha wakafuata askari magereza, maana kwenye daftari zao neno hilo ndilo lililosimama mbele ya kila anayetoka: wewe kifungo chako kimemagolanga, chukua ndara zako. Neno likavuka geti pamoja na wafungwa, na nchi iliyokuwa na njaa ya neno kama hilo kwa karibu miezi mitano ikalipokea kwa mikono miwili. Wenye maduka wakasema sukari imemagolanga. Wanawake waliokuwa wakitafuta talaka walimwambia kadhi kwamba mapenzi yamemagolanga zamani. Bibi mmoja alipokata roho, mwanawe alitoka nje akawaambia waliokuwa wakingoja, kwa sauti ya chini, kwamba mama ameshamagolanga, na wote wakaelewa, wakavua kofia.

Luhwago aliona anavyozama, kwa kuwa Msimamizi wa Maana alikuwa yeye. Akaandaa taarifa ya siri. Alihangaika nayo wiki nzima, kwa sababu kosa halikuweza kuelezwa pasipo kutendwa: ilimbidi aandike kwamba jina la Mtukufu maana yake ni lile neno, na pia alitaje lile neno. Hatimaye aliiandika, akaipeleka. Waziri alisoma sentensi ya kwanza tu, akaitisha polisi, na Luhwago akafungwa kwa kutunga tusi ambalo hakuna raia mwema angeweza hata kulifikiria. Taarifa ikachomwa. Hivyo katika Mbeleko yote akabaki mtu mmoja tu asiyejua jina lake lina maana gani.

Ikafika Siku ya Kubebwa, ambayo kila raia hulazimika kuhudhuria. Uwanja wa michezo ulijaa tangu alfajiri. Mtukufu alihutubia saa ya kwanza, ya pili, na ya tatu, jua likiwa utosini. Alipogeuza karatasi kuanza saa ya nne, sauti moja ya kike kutoka viti vya juu ilisema, wala si kwa ukali, "Magolanga."

Mwingine akaitikia. Kisha safu nzima, kisha upande mzima. Magolanga. Magolanga. Polisi walitazamana. Sheria iliwataka raia walitaje jina hilo kwa sauti, na hapakuwa na sheria iliyosema walitaje wakiwa na nia gani. Jukwaani mawaziri walipiga makofi, na Shomvi, ambaye sasa jasho lilikuwa likimtiririka mpaka ndani ya viatu, alipiga kuliko wote, kwa kuwa alikuwa ameelewa.

Mtukufu alivua miwani akafuta machozi. Alisema katika miaka yote hii hajawahi kupendwa namna hii. Alisema alikuwa ameanza kufikiria kupumzika, lakini sasa, kwa jinsi wanavyomwita, atawabeba miaka mingine thelathini na mmoja.

Uwanja ukanguruma. Watu walilia wakiita, wengine wakigonga viti. Hemedi hakuwa na pumzi ya kupaza sauti. Alikaa ameikumbatia ile dawa yake, midomo ikicheza bila mlio. Sikudhani alimwangalia, akasimama juu ya kiti, akaita. Aliita kwa ajili ya wawili, akaita hata mishipa ya shingo ikamsimama, mpaka kule jukwaani Mtukufu akageukia upande ilikotoka sauti hiyo, akaweka mkono kifuani na kumwinamia kwa shukrani, kisha akafunua ukurasa mwingine.